Michezo na klabu za shule: nendeni Ijumaa ya kawaida, siku ya bonanza kila shule ni nzuri

Nianze na nyota ili mwenye haraka achukue aondoke zake. Michezo ya kawaida nyota mbili kati ya tano, kuogelea moja, skauti nne na nusu, mdahalo nne. Chesi na roboti sivipi kitu maana sijawahi kuviona vikifanyika, nimeviona kwenye brosha tu. Shule ni ya msingi, ingilishi midiamu, huku pande za Tabata, Dar es Salaam, jina siliweki kwa sababu watoto wangu bado wako pale na sitafuti ugomvi na mtu. Binti yuko la tano, mdogo wake wa kiume la pili. Na humu ndani nitakuwa naitajataja shule ya serikali kule Mbagala anakosoma mpwa wangu, maana kuna vitu nimevikuta kule bure ambavyo huku navilipia na sivioni.

Ada ya michezo na klabu ni Sh 80,000 kwa muhula kwa kila mtoto, inakaa mstari wake peke yake chini ya ada ya masomo, halafu traksuti na kofia ya kuogelea lazima ununue palepale shuleni, ukimvalisha mtoto ya Kariakoo anarudishwa nayo kwenye begi. Nguo nimeshazizoea, twende uwanjani.

Ila kabla ya uwanjani kuna kabati la vikombe. Kila mzazi mgeni anapitishwa pale kwanza, vikombe vinang'aa, picha za bonanza, medali zimening'inizwa na riboni za bendera. Wazazi wenzangu, kikombe cha shule hakikwambii lolote kuhusu mtoto wako. Shule nyingi za huku mjini zinachukua vipaji viwili vitatu kutoka shule za kata, zinawasomesha bure, wanapiga mpira. Mi siwalaumu, kwa yule mtoto ni neema na natamani wachukue hata kumi, lakini kombe limeletwa na wale watatu, wa kwako alienda kushangilia pembeni ya mstari akarudi na jua la kichwa. Na hiyo ndo njia ya heshima. Ile nyingine mnaijua, mamluki, mtoto kashamaliza shule na ndevu zinaanza kuchungulia anavalishwa bukta arudi kucheza na watoto, kila msimu wa mashindano maafisa michezo wanalia na hilo hilo.

Sasa Ijumaa. Uwanja upo tena mzuri, nyasi za kupanda, magoli ya chuma yana nyavu kabisa. Saa nane mchana la nne, la tano na la sita wanatolewa wote kwa pamoja. Mipira miwili, wenye upepo ni mmoja. Mwalimu wa zamu siku niliyokaa pale alikuwa wa Sayansi, mama mpole sana, filimbi mkono huu simu mkono ule, na hakuna aliyewahi kumfundisha cha kufanya na filimbi. Wavulana wenye njumu wakagawana timu wenyewe, manahodha wawili wanachagua mmoja mmoja, anayebaki mwisho anawekwa golini, na waliobaki baada ya huyo wa golini hawachezi, hakuna hata anayewaambia hawachezi wanajua tu wanaenda wenyewe chini ya mwarobaini. Nikamfuata mmoja nikamuuliza baba mbona huchezi, akanionyesha viatu vya wenzie vimepangwa mbele yake, "Mi nalinda viatu." Kasema kawaida kabisa, kama mtu aliyepewa cheo na anakiheshimu. Wasichana wao walikuwa kona ya jengo wanacheza rede na mpira wa soksi walioushona wenyewe, kwa sababu mpira wa netiboli uko stoo na mwenye ufunguo wa stoo Ijumaa anawahi kuondoka.

Halafu mjue binti yangu kwenye mtihani wa Sanaa na Michezo anapata alama za juu kweli. Kwenye mtaala mpya wa 2023 hilo ni somo kamili, kuanzia la tatu, siyo tena kipindi cha kujazia ratiba, na mimi nililifurahia sana. Kwenye daftari lake kuna kiwanja cha netiboli amekichora kwa rula, urefu mita 30.5 upana mita 15.25, duara la kufungia limo, nguzo ya goli mita 3.05, kapigwa vema nyekundu kubwa. Kiwanja chenyewe kipo nyuma ya bweni, mistari imefutika, na nikimrushia mpira nyumbani anakwepa.

Mbagala darasa la mpwa wangu lina watoto zaidi ya mia. Nilienda pale kwa shughuli nyingine kabisa, dada aliniomba nimpelekee barua mwalimu, nikakuta kipindi cha michezo kinaendelea nikasahau hata barua. Mwalimu ni kijana, kaukata uwanja vipande vipande kwa chupa za maji za plastiki zilizojazwa mchanga, kila kipande watoto wachache na mpira wao, na mipira mingi ni chandimu, makaratasi na mifuko imefungwa kamba. Hamna makipa, goli ni chupa mbili zilizokaribiana. Anapiga filimbi kila baada ya dakika chache, walioshinda wanahamia kipande cha kulia waliofungwa wanahamia kushoto, kwa hiyo baada ya muda wakali wanakutana wenyewe kwa wenyewe na wale wasiojua wanakutana wenyewe kwa wenyewe, na huku kwa wasiojua ndo kulikuwa na kelele za furaha kuliko kote. Wa kike wamo, wa kiume wamo, wote jasho. Viatu vya kulinda havipo, wengi wako peku. Nikamuuliza mwalimu haya mambo kayatoa wapi, akacheka, "Mzazi, nikiwapa mpira mmoja watacheza ishirini, waliobaki watapigana, na kesi zote zinakuja kwangu."

Msije mkasema napamba shule za serikali. Pale hakuna bomba la kunywa karibu na uwanja, kivuli hakuna, na dada anasema wasichana wakifika la sita wanaanza kujificha siku ya michezo kwa sababu hakuna pa kubadilishia nguo na hakuna pa kwenda kama siku zake zimeanza. Hapo shule yetu inawashinda kwa mbali, niseme ukweli, vyumba vya kubadilishia vipo, pedi zipo kwa matroni, na mabinti wa hijabu wanachezea suruali ndefu na mtandio wao bila maneno. Hiyo ni nusu nyota kati ya zile mbili. Nusu nyingine ni sanduku la huduma ya kwanza ambalo nilililazimisha lifunguliwe mbele yangu na lilikuwa na vitu. Nyota moja ya uwanja.

Shida yenyewe hasa, na hapa ndo naomba msome taratibu, siyo mipira, mipira ni hela kidogo tu. Shida ni basi. Klabu na mazoezi ya timu vinaanza saa tisa na nusu mpaka saa kumi na nusu. Basi la shule linaondoka saa tisa na robo. Yaani rudia tena kusoma. Watoto wengi pale wanapanda basi, Tabata hadi Kinyerezi hadi Segerea huko ndani, dereva anataka kuwahi foleni ya barabara ya Mandela na sielewi Kinyerezi na Mandela wapi na wapi lakini ndo jibu lililotolewa kwenye kikao. Kwa hiyo anayebaki mazoezini ni mtoto anayefuatwa na gari la nyumbani au anayekaa bweni, na timu ya shule inatoka humo humo kila mwaka. Kocha hawezi kumchagua mtoto ambaye hajawahi kumuona akicheza. Wengine wote wanalipa Sh 80,000 ile ile, wanaangalia klabu kwa dirisha la basi. Nilipolisema hilo kwenye grupu la WhatsApp la wazazi mmoja akajibu "si umnunulie baiskeli", haya, mtoto wa la pili, Tabata, na bajaji zile.

Halafu kuna la nne na la saba. Kwa sababu ya mtihani wa taifa hao michezo yao inakufa mapema mno, saa za uwanjani zinageuzwa majaribio. Mwalimu wa taaluma alinijibu "Mzazi, ukiona wastani wa shule mwakani utatushukuru." Inawezekana. Ila hela ya michezo ya la nne inaendelea kutozwa, na hapo sijapata wa kunijibu. Na hii tabia ya kuiona michezo ni mwizi wa masomo haikuanzia kwao, waliokuwa shuleni mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka enzi za waziri wa elimu Mungai michezo ya shule ilivyopigwa stopu, wakati sekondari ya Makongo ya mkuu wa shule Kanali Kipingu ilikuwa imeshaonyesha mtoto anaweza kusoma na bado timu za ligi kuu zikamfuata getini.

Riadha sasa ndo kichekesho. Siku ya michezo riadha yetu ni mbio za magunia, limao kwenye kijiko, na kuvuta kamba wazazi na walimu. Inachekesha, tunapiga picha, sina kinyongo. Lakini ndo hiyo tu mwaka mzima! Nchi ambayo Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, akiongoza toka mwanzo mpaka mwisho, na juzi tu 2025 Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, shule ina uwanja wake na haina mstari mmoja wa chokaa wa kukimbilia. Mchezo gani ni rahisi kuliko huu jamani, chokaa na saa ya simu. Mbagala kuna binti wa la sita alifika ngazi ya wilaya kwenye mita 800 za UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, raba kaazimwa na mwalimu.

Na hiyo UMITASHUMTA wazazi wengi wa shule binafsi hawaifuatilii, wanadhani ni ya wenzetu. Inaanzia shuleni, kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa katikati ya mwaka, kwa sekondari ndo UMISSETA. Fainali za taifa zilikuwa Tabora miaka ya 2022 mpaka 2024, 2025 zikaenda Iringa, na siyo soka na netiboli tu, kuna mpira wa mikono, voliboli, mpira wa meza, kwaya, ngoma, kuna soka ya viziwi na mpira wa goli wa wasioona. Wa sekondari wakifanya vizuri wanaenda hadi FEASSSA, mashindano ya shule za Afrika Mashariki, kukutana na wa Kenya, Uganda na Rwanda, 2024 ilikuwa Mbale, Uganda, 2025 Kakamega, Kenya. Shule yetu huwa inapeleka timu ya soka ya wavulana ngazi ya kata, basi. Nilimuuliza mratibu kwa nini hata kwaya msipeleke, kwaya yetu nzuri kweli na vifaa vyote mnavyo, akaniambia kwaya ni ya mahafali.

Kuogelea. Nyota moja, na hiyo moja ni ya maji, yalikuwa safi. Shule haina bwawa, wanakodi la hoteli, watoto wanapelekwa kwa zamu, hela ni nje ya ile 80,000. Nilienda kuangalia bila kuaga mtu. Watoto wengi majini, wadogo na wakubwa wamechanganywa, kocha mmoja, na kocha yuko juu, kavaa jinzi. Mimi swali langu likawa moja tu, kaka huyu mtoto wa pale kona ya kina kirefu akizama wewe unaingia na hiyo jinzi au unaanza kuivua? Akasema mzazi usijali mimi nina macho. Sasa macho yanamtoa mtu majini? Mwokoaji wa hoteli alikuwepo lakini yuko upande wa wageni. Mtu anayefundisha watoto wasiojua anakaa ndani ya maji nao, kundi dogo, na mwingine juu ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa tu. Mwanangu nilimtoa siku ile ile na hela hawajarudisha, ila hiyo wala siidai tena, naomba tu wabadilishe utaratibu kabla ya baya halijatokea.

Nimesema mabaya mengi, sasa skauti. Skauti pale nawaombea heri. Wanakutana Jumamosi asubuhi, kila mzazi anampeleka wake, kwa hiyo stori ya basi haipo na ndo maana unakuta humo watoto wa kila aina, wa bweni, wa kutwa, wanene, wembamba, yule mlinzi wa viatu naye yumo na ni kiongozi wa kikosi! Mwalimu wao ni mzee fulani mkali wa saa, ukichelewesha mtoto anakusalimia vizuri na anakuonyesha saa yake. Hakuna beji ya kununua, unaifanyia kazi. Wanafunga mafundo, wanawasha moto, wanapika wali wenyewe na wanaula hata ukiungua, wanajifunza kumbeba aliyeumia kwa machela ya miti miwili na mashati. Binti yangu alikuja kufunga kamba ya kuanikia nguo nyumbani, kamba ambayo baba yao alikuwa anaifunga upya kila wiki, na mpaka leo mashuka mabichi yanakaa juu. Chama chenyewe kipo nchini tangu 1917, siyo kitu kilichobuniwa na mtu wa masoko wa shule ili kujaza brosha, labda hiyo nayo inasaidia maana mwalimu anafuata hatua zilizopo. Kinachonikatia nusu nyota ni gharama ya sare na safari ya kambi, wanatangaza wiki mbili kabla, mshahara wenyewe mnaujua unakaa siku ngapi.

Mdahalo nao mzuri, tena unafanyika ndani ya muda wa shule, Jumatano kabla ya chakula cha mchana, wote wamo. Kila mtoto anaongea dakika moja, hakuna kukwepa, mwenyekiti na katibu wanazungushwa. Mara moja kwa mwezi wanafanya kwa Kiswahili, na hapo ndo utacheka, wale mabingwa wa Kiingereza wanaanza "mwenyekiti wa... wa... hii mdahalo", na watoto waliokuwa kimya wanachanua. Mwalimu alinifurahisha, mtoto akikwama hamkatizi, anasubiri mpaka jumba zima linasubiri naye. Nyota nne siyo tano kwa sababu hoja zenyewe ni zile zile za tangu sisi tunasoma, shule za bweni na za kutwa zipi bora, mkulima na mwalimu nani zaidi. Wapeni hata ya basi la saa tisa na robo wajadili, nadhani watakuwa na la kusema kuliko sisi kwenye kikao.

Karate ipo, mwalimu anakuja anapokuja. Bango la Malihai, klabu ya mazingira na wanyamapori, lipo ukutani na mti waliopanda siku ya uzinduzi ulikauka. Bendi ya tarumbeta sijaisikia vya kutosha.

Kwa anayetafuta shule mwaka huu, usiombe kutembezwa, wakikutembeza utaona kabati. Omba kwenda kukaa uwanjani Ijumaa ya kawaida isiyo na mgeni, ukae chini ya mti, uhesabu mipira yenye upepo na uhesabu watoto wasiotoka jasho. Muulize dereva wa basi anaondoka saa ngapi, siyo mratibu, dereva. Muulize mwalimu wa michezo kama ana kipindi kingine anachofundisha muda ule ule, maana pale kwetu kwenye ratiba mwalimu wa michezo ndo huyo huyo wa Hisabati la saba, sasa ukifika msimu wa mitihani unadhani atakuwa wapi. Na kama mtoto wako ana ulemavu ulizia anafanya nini siku hiyo, ukijibiwa "anasaidia kuandika magoli" ujue hawajawahi kukaa wakafikiria.

Kuhusu kuendelea kulipa, kwa sasa nalipa kwa sababu haikwepeki, imo kwenye invoisi. Wa kiume Jumamosi jioni anacheza kwenye akademi ya mtaani, uwanja wa vumbi, Sh 15,000 kwa mwezi, kocha anajua majina ya wote. Basi la pili la saa kumi na nusu uongozi umesema litaanza Januari, kwa hela ya ziada ambayo haijatajwa. Likianza kweli nitakuja kuongeza nyota, na kama hela yenyewe ni ile ninayoiogopa nitakuja kuipunguza tena.